Epoksi Si Chai: Malalamiko kwa Mjomba Aghali

Raishatu ult Hamadin,
Chumba cha mashariki, upande wa pili wa ua wako,
Tahaggart, Tamanrasset.
Jumatatu.

Kwako Mjomba Aghali ag Khamadu,
Fundi Mkuu wa Karakana ya Makanyagio ya Gitaa.

YAH: KUMIMINA EPOKSI KANA KWAMBA NI CHAI

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wote waliokaa kwenye mkeka wako wakisubiri glasi ya pili. Mimi ni mzima.

Najua kwamba kutoka mlango wetu hadi mlango wa karakana yako ni hatua kumi na tisa, na kwamba ningeweza kuja kukueleza kwa mdomo. Nimejaribu mara nne. Mara zote nne nilikaribishwa vizuri, nikapewa mahali pa kukaa, nikaulizwa habari za shule, za Mama, za mbuzi na za joto, na kila nilipokaribia jambo lenyewe chai ikawa tayari. Mwalimu Wassila, anayetufundisha kemia, anasema jambo lisilosikilizwa likisemwa huandikwa, na likiandikwa liwekewe namba. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze yale tusiyobishania. Wewe unayeyusha sufuria kuukuu na kuzisubu katika mchanga ziwe visanduku. Ndani yake unapanga nyaya na vipande vya redio zilizokufa, na mpiga gitaa akikikanyaga kisanduku hicho sauti ya gitaa lake inakwaruza na kunguruma kama inavyotakiwa. Kuhusu sauti sina neno. Watu wanatoka Djanet kuifuata. Kazi yangu mimi, tangu Ramadhani iliyopita, ni kuchora juu ya kisanduku michoro ile ile ambayo Mama huitia kwenye mikoba ya ngozi, kwa wino mwekundu, wa manjano na wa kijani. Kisha juu ya mchoro unamiminwa utando wa epoksi, ili miguu ya wapiga gitaa isiufute. Epoksi ikikauka inatakiwa iwe ngumu na angavu, mtu auone mchoro chini yake kama anavyoona kokoto chini ya maji ya mwambani.

Mpaka sasa tumetoa visanduku kumi na kimoja. Hakuna hata kimoja ambacho mtu ameuona mchoro wake.

Kisanduku cha kumi na mbili ni cha Kaka Ghumur. Anakuja kukichukua Alhamisi baada ya Alasiri, na Ijumaa anapanda basi kwenda kupiga gitaa Algiers, mbele ya watu wasiotujua. Wewe mwenyewe ulisema, nami nakushukuru sana, kwamba safari hii niandike jina langu kwenye pembe ya chini. Nimeliandika. Ni mara ya kwanza jina langu kuwa juu ya kitu kinachotoka katika ua huu. Nawe unajua kama ninavyojua mimi kwamba epoksi iliyobaki ni ya kisanduku kimoja na ziada kidogo, na kwamba lori litakaloleta nyingine kutoka kaskazini halitafika kabla ya wiki sita. Yaani tuna nafasi moja. Jina langu likizama kwenye povu, litakwenda Algiers limezama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kimo.

Epoksi humiminwa kutoka karibu, mdomo wa kikombe ukikaribia kugusa kisanduku, polepole, ili hewa isiingie. Hewa ikiingia inakuwa kiputo, na kiputo kikigandia humo hakitatoka hata tukiwa tumeshazikwa sote. Wewe, Mjomba, husimama. Unakunja mkono wa kanzu, unaanza na kikombe usawa wa kisanduku, kisha unakipandisha, unakipandisha, mpaka kinapita kilemba chako, na epoksi inashuka kutoka huko kama uzi, vile vile unavyomimina chai ili itoe povu. Ni kweli kwamba hujawahi kumwaga tone pembeni. Nalikiri hilo kwa sababu barua ya haki haifichi sifa za mlalamikiwa. Hakuna mtu Tahaggart nzima anayelenga kama wewe. Lakini hakuna aliyekuomba ulenge. Kisanduku kiko mezani, hakikimbii.

Mzee Elwafi, ambaye mpaka leo sijaelewa kazi yake katika karakana yako ni ipi, hupiga makofi. "Pandisha, Aghali, pandisha! Bado haijavaa kilemba!" Nawe unapandisha. Povu likishajaa mnatazamana kwa furaha kama watu walioletewa mtoto mchanga. Namheshimu Mzee Elwafi kwa umri wake na kwa miaka yote aliyoendesha lori hadi Agadez na kurudi. Ila chai iliyovaa kilemba cha povu ni sifa kwa aliyeipika, na epoksi iliyovaa kilemba ni epoksi iliyoharibika. Jambo hili linaeleweka na wasichana wote wa darasa letu, pamoja na yule anayelala.

Kaka Ghumur alipokuja kuchukua kisanduku cha tatu alikigeuzageuza juani, akauliza, "Fundi, hiki ni kisanduku au ni glasi ya kwanza ya chai?" Mkacheka wote. Wewe ulicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikucheka, kwa sababu chini ya lile povu zilikuwemo siku tisa za mkono wangu.

2. Kuchanganya.

Epoksi huja katika chupa mbili: moja ni epoksi yenyewe, nyingine ni dawa ya kuigandisha. Vitu hivi viwili hukorogwa taratibu kwa kijiti. Wewe huvimimina kutoka glasi hadi glasi, mara saba, kama anayeyeyusha sukari, na kwa hiyo hata kabla hujasimama na kukunja mkono wa kanzu, mapovu yameshajaa. Tena ni glasi za Mama. Nitazirudia glasi za Mama chini ya namba nne.

Siku ya kisanduku cha nne, baada ya mara ya saba, uliinua glasi uonje kama imekolea. Namshukuru Mungu kwamba Mama alikuwa akianua nguo. "Aghali! Hiyo si chai!" Nawe ukajibu, bila hata kugeuka, "Najua si chai. Nasikiliza harufu yake." Mjomba, nilikuwepo. Glasi ilikuwa imeshapita chini ya upindo wa kilemba unaofunika mdomo wako.

3. Vipimo.

Chupa zimeandikwa waziwazi kwamba sehemu moja ya hii ichanganywe na sehemu moja ya ile. Nilipokusomea maandishi hayo ulisema, "Hayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi." Nikakuuliza basi sisi tutumie kipimo gani. Ukatazama mkeka, ukahesabu wageni, ukaongeza.

Matokeo yake ni kisanduku cha tano, ambacho hakikukauka. Kilibaki kama asali. Kaka Ghumur alikwenda nacho kwenye harusi kule Abalessa, akakikanyaga katikati ya wimbo, na kandambili yake haikutoka tena. Alimaliza nyimbo sita akiwa amesimama mahali pamoja. Alipotaka kushuka jukwaani alishuka akiburuta kisanduku, waya na spika ndogo, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni mchezo mpya. Wewe husimulia habari hii kama sifa ya karakana. Mimi, nikisikia unaisimulia, huingia ndani.

4. Muda.

Ikishachanganywa, epoksi humsubiri mtu kwa dakika arobaini, na kwa joto letu ni pungufu ya hapo. Chai, kama inavyofahamika, ni glasi tatu, na anayeondoka kabla ya ya tatu amemtukana mwenye birika. Saa mbili zinakwisha kwa heshima hiyo. Hakuna ubaya kunywa chai kabla ya kuchanganya epoksi. Hakuna ubaya kunywa chai baada ya kuimimina. Wewe huichanganya kwanza, ndipo unakaa.

Hivi sasa Mama ana glasi nne ambazo zimejaa na hazitamwagika kamwe. Moja ina kijiko kimesimama katikati. Mzee Elwafi aliigonga kwa ukucha akasema, "Chai nzito kama hii sijawahi kuiona tangu nizaliwe." Mama alimjibu, "Basi inywe." Hakuinywa. Inatumika kushikilia mlango wa jikoni usifungwe na upepo, na lazima niseme kwamba katika kazi zote za epoksi zilizotoka kwenye karakana yako hiyo ndiyo iliyofanikiwa kuliko zote, maana haina kiputo hata kimoja. Iliachwa itulie. Naomba hili ulifikirie.

5. Vidole.

Anayeingia karakanani husalimia. Anaulizwa habari zake, anauliza zetu, viganja vinagusana, vinaachana, vinagusana tena. Hiyo ndiyo adabu yetu na sina la kusema juu yake. Ila akishamaliza kumsalimia wa mwisho, anakisalimia na kisanduku. Anaweka kidole juu ya epoksi, anasema "Bado," kisha anakaa. Anayefuata hamwamini. Anaweka chake. "Kweli, bado." Kisanduku cha saba kina alama za vidole za mtaa mzima. Polisi wakipotelewa na mtu yeyote wa Tahaggart waje wamtafute pale.

6. Kilemba.

Hapa naomba radhi mapema, kwa kuwa jambo lenyewe ni la heshima. Kilemba chako cha nili ni kizuri, ni cha gharama, na kinaachia rangi, kama kilemba chochote cha nili kinavyopaswa kuachia. Uso wako una bluu, mikono yako ina bluu, na hayo ni mapambo. Lakini unapoinama juu ya kisanduku kibichi kuangalia kama mapovu yamependeza, ncha ya kilemba inatangulia. Kijani changu kinakuwa bluu. Manjano yangu yanakuwa kijani. Mchoro wa kisanduku cha tisa, ambao nilimwonyesha Mwalimu Wassila, ulimfanya aulize kama nilikusudia kuchora dhoruba.

7. Mchanga.

Hili sitalieleza kwa urefu. Epoksi haiokwi. Si mkate wetu wa kufukiwa mchangani. Huwezi kuchimba shimo chini ya makaa, ukalaza kisanduku, ukakifukia kwa mchanga wa moto, kisha ukakitoa na kukipiga makofi ya mgongoni ukisema, "Ukijua kuukung'uta, mchanga huutambui." Kisanduku cha kumi kina ganda. Mbuzi alikilamba.

Hayo ndiyo malalamiko saba. Lipo la nane, linalohusu nzi, lakini nzi hawako chini ya mamlaka yako kwa hiyo nimeliondoa.

Sasa nakuja kwenye maombi. Nilipokuwa nayaandika nilikusudia liwe ombi moja dogo tu: kwamba kuanzia leo hadi Alhamisi, ndani ya karakana, chai isimiminwe kutoka juu zaidi ya goti la mtu aliyekaa, ili mkono wako usahau kupanda. Nilipolifikiria vizuri nikaona halitoshi. Mtu akimimina chini karakanani mchana, na nyumbani akimimina juu, mkono unafuata wa nyumbani. Kwa hiyo naomba na nyumbani pia. Lakini nyumbani kuna wageni. Mgeni akimwona fundi mkuu anamimina chai kutoka kimo cha kidole kimoja atadhani mkono wako umepooza, atakunyang'anya birika kwa huruma na kukuonyesha inavyofanywa, nawe ukiona utataka kumshinda. Kwa hiyo wageni nao wazuiwe. Wageni wanatoka mtaani, kwa hiyo mtaa uzuiwe. Na kwa kuwa Mzee Elwafi ana ndugu katika kila mtaa wa mji huu na huwatembelea wote, sioni njia nyingine ila Tamanrasset yote, toka leo hadi Alhamisi jioni, imimine chai kutoka chini bila povu, au inywe kahawa kama watu wa kaskazini.

Natambua kwamba wananchi watanung'unika. Nimeshaandaa rasimu ya barua kwa meya. Ina kurasa mbili na ramani.

Pamoja na hayo naomba: milango ya karakana ifungwe kwa saa ishirini na nne baada ya kumimina; wanaosalimia wasalimie kwa sauti, mikono ikiwa nyuma; Mzee Elwafi apewe likizo ya siku moja kutoka kwenye kazi ile ambayo sijaijua; mchanga ubaki nje, ambako upo wa kutosha; na yeyote atakayekisogelea kisanduku awe amevua kilemba.

Mjomba, najua nimeomba nini hapo. Nimeishi ua mmoja na wewe kwa miaka kumi na mitano na sijawahi kuuona mdomo wako, wala siombi kuuona. Ningeona aibu kuliko wewe. Ndiyo maana baada ya kuandika sentensi ile niliweka kalamu chini, nikajiuliza kama Mwalimu Wassila anavyotufundisha kujiuliza: kama haiwezekani kumvua kilemba mwenye kilemba, je, hakuna mtu asiye nacho?

Nikatafuta kwa utaratibu. Anatakiwa mtu asiye na kilemba cha nili. Wanaume wote wa ua huu wameondoka hapo. Anatakiwa mtu asiyelazimika kukaa mpaka glasi ya tatu. Mama ameondoka hapo, kwani yeye ndiye huwaambia wengine wakae. Anatakiwa mtu ambaye wageni hawampi mkono. Anatakiwa mtu anayejua maana ya sehemu moja kwa sehemu moja. Na awe mtu ambaye mkono wake haujazoea kupanda, yaani hajawahi kukabidhiwa birika mbele ya wageni, kwa sababu kila akiomba anaambiwa bado mdogo, lete mkaa.

Nilipomaliza kuwaondoa wote nilibaki mimi. Sikuwa nimekusudia hivyo. Hesabu ndiyo iliyokusudia.

Usidhani naomba kitu nisichokijaribu. Tangu baridi iliyopita nimekuwa nikijizoeza nyuma ya zizi, juu ya vifuniko vya makopo ya dagaa. Nilianza na sharubati nzito ya sukari, kwa sababu epoksi ni yako na sukari ni ya Mama, na Mama husamehe. Nilijifunza kuweka kifuniko kikae sawa kwa kutumia bakuli la maji, kuziba kwa nta matundu niliyoyatoboa kama yale ya visanduku, kubandika utepe chini ya ukingo ili matone yasigandie pembeni, na kumimina katikati kisha kuacha kitu chenyewe kitambae kifike kwenye kona kwa wakati wake. Sisimizi walikuja. Nilijifunza pia kufunika. Baadaye nilitumia mabaki yaliyokuwa yakibaki chini ya glasi zako, yale uliyokuwa ukinituma nikatupe. Nina vifuniko vinne ambavyo ukiviinamia unaona tundu za pua yako. Vipo chini ya godoro langu, ukitaka kuviona.

Tena kuna jambo ambalo ungelijua hata nisingeliandika. Watu wetu wa zamani walirithiwa na watoto wa dada zao, na Mama ndiye dada yako wa pekee. Sitaki karakana. Sitaki nyundo, wala tanuri, wala jina lako, wala sitaki ufe. Nataka kikombe kile kimoja cha kumiminia, kwa siku moja, nawe uendelee kuishi na kuniangalia. Ukikaa kimya mpaka Jumatano adhuhuri nitaelewa kwamba umekataa, na sitakusumbua tena. Nitaendelea kuchora, na wewe utaendelea kufunika.

Nikimaliza, naomba radhi kama kuna neno lililozidi. Maneno yote yamepimwa, lakini hata kipimo sahihi kwenye joto hugeuka. Nisalimie kila mtu aliye kwenye mkeka, na aliye njiani kuja kwenye mkeka. Msalimie Kaka Ghumur na kandambili yake. Wasalimie wateja wa Djanet. Msalimie kwa namna ya pekee Mzee Elwafi, nami namwombea afya njema na shughuli mahali pengine.

Ni mimi mtoto wa dada yako, ninayekuheshimu kutoka chini mpaka juu ya kilemba,

Raishatu ult Hamadin

Nakala: Mama (kwa taarifa), Mwalimu Wassila (kwa masahihisho), Meya (isubiri kwanza).

N.B. Jumatano. Barua hii ilikuwa bado haijaingia kwenye bahasha jana asubuhi wakati Mama aliponiletea zile chupa mbili, kikombe cha kumiminia na kisanduku cha kumi na mbili, pamoja na ujumbe wako: "Mwambie amimine yeye. Mimi mkono unaniuma." Mkono wako hauumi, Mjomba. Nilikuona dirishani ukimimina chai, na ilikuwa imevuka kilemba.

Nilimimina kutoka kimo cha kidole kimoja. Nilipitisha mwali wa kibiriti juu yake mara mbili ili viputo vilivyobaki vipasuke, nikakifunika kwa karai, nikakaa juu ya karai mpaka Magharibi ili asije mtu kukisalimia. Leo asubuhi nimefunua. Hakuna kiputo hata kimoja. Nimekagua kwa lenzi ya shule. Mtu hajui epoksi inaanzia wapi.

Kwa hiyo sasa kila kitu kinaonekana. Kinachoonekana ni kwamba kushoto nilichora pembetatu tano na kulia sita, na ule mstari wa katikati, ambao siku zote niliamini umenyooka, unakwenda kama punda aliyeachiwa kamba. Nilikimbilia karatasi zangu za vielelezo vya visanduku vyote vilivyotangulia. Vyote viko hivyo hivyo. Nilipomwonyesha Mama hakushtuka hata kidogo. "Mjomba wako aliona tangu cha pili," alisema, huku akiendelea kuchambua dengu. "Alisema, mwacheni, mkono utanyooka wenyewe." Jina langu, pale kwenye pembe, linasomeka vizuri mno.

Kaka Ghumur anakuja kesho baada ya Alasiri. Ile ziada inatosha tabaka moja jembamba, nami nimeshaupiga msasa uso wa kisanduku ili lishike. Naomba sana, Mjomba, uje leo hii kabla jua halijawa kali, uje na Mzee Elwafi, na umimine ukiwa umesimama, kutoka juu kadiri mkono wako unavyofika. Kigoda cha kupandia nimeshakiweka.